Mlango wa Karakana ya Baba

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilimnunia baba yangu kimoyomoyo kwa sababu ya mlango. Baba ni mhunzi. Hufua mapanga na majembe katika karakana ya mabati nyuma ya nyumba yetu, magharibi mwa Kenya. Kila alipofika hatua ya kuzamisha chuma majini, aliufunga mlango, hata kama ilikuwa saa sita mchana. Mimi binti yake mkubwa nilibaki nje nikisikia chuma kikilia tssss. Nilijiambia ananificha kazi kwa kuwa ni msichana. Sikumwuliza. Mimi nikinuna, hununa kikamilifu.

Majuzi, hapa Doha ninakofanya kazi ya uaskari, nilipangiwa zamu kwenye maonyesho ambako mhunzi mzee kutoka Japani alikuwa akionyesha upanga unavyofuliwa. Walimjengea kibanda uani. Kabla ya kuwasha moto alikizungushia kamba ya majani makavu iliyoning'inizwa vipande vya karatasi nyeupe, akavaa nguo nyeupe, akainama, akapiga makofi mawili. Mimi ni mtu wa kanisa, kwa hiyo kwanza nilitazama pembeni. Kisha nikakumbuka kwamba baba naye hawashi moto wake bila kuomba, nikatulia.

Siku ya tano upanga ulikuwa tayari kwa maji. Chuma chake mzee alikuwa amekikunja na kukifua tangu kwao, na sasa alikuwa ameupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali. Mkalimani wake, dada mmoja mpole, alituomba tuzime taa na tufunge mlango. Mkubwa wetu wa zamu, Mkenya mwenzangu, alikataa. Sheria yetu ni kwamba mlango wa wageni haufungwi moto ukiwa unawaka, na si sheria mbaya. Mkalimani akaeleza kwamba mzee hana kipimo cha joto isipokuwa macho yake, na penye mwanga macho hudanganyika. Chuma kikizidi moto kidogo tu, hupasuka majini, na kazi ya miezi huishia hapo.

Kumbe baba alikuwa akitafuta giza.

Mzee hakubishana. Alikaa kando ya moto, mikono juu ya magoti, akaonekana mdogo ghafla. Sikuweza kuvumilia. Nikamwendea mkubwa, nikamwomba tubakize wageni kumi tu, nami nisimame mlangoni mkono ukiwa kwenye komeo.

"Madam, kitu ikiharibika hapo ndani, ni wewe unapanda ndege kurudi nyumbani, si mimi," akaniambia.

"Sawa, bosi. Niandike mimi."

Akaniandika kweli, majina yote matatu. Namshukuru hadi leo, maana angeweza kukataa tu na kwenda kunywa chai yake.

Nikazima taa, nikafunga. Mwanga ulipenya chini ya mlango, nikavua sweta la kazi nikaziba. Chuma kikaanza kuonekana, chekundu kama tofali, kikapanda polepole hadi kikawa na rangi ya papai lililoiva. Mzee akakichomoa na kukizamisha. Tssss. Sote tukasubiri mlio wa kupasuka. Mlio haukuja. Alipouinua, upanga ulioingia majini umenyooka ulikuwa umejipinda wenyewe kama alivyotaka, mzima kabisa.

Nilipofungua mlango, mzee alinijia akaniinamia, chini vilevile kama alivyoinama kabla ya kuwasha moto. Nililia mbele ya wageni wote, na sikuona aibu.

Jioni, chumbani kwetu mtaa wa Abu Hamour, nilimpigia baba simu nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye rangi ya papai alicheka, akasema ni hiyohiyo. Nikamwambia namshukuru kwa mikono iliyonisomesha. Kisha nikalitoa lile lililonikaa rohoni.

"Baba, nilidhani ulikuwa unanifungia mimi mlango."

Akajibu palepale.

"Aa, mama. Mimi nilikuwa nafungia jua. Wewe ungebisha hodi tu, ningekufungulia."