Mbwa Aliyeitwa Atarudi

Huku kwetu Nkoma mbwa hapewi jina bure. Mtu akitaka kumsema jirani na hana ubavu wa kumsema usoni, anafuga mbwa, anampa jina, halafu asubuhi na jioni anamwita kwa sauti ya kufika pale anapotaka ifike. Nimeshasikia mbwa akiitwa Mtachoka, mwingine Hamjanijua, na mama mmoja wa upande wa mnadani alikuwa na jike aliyemwita Mkemwenza. Ukilalamika unaambiwa, mimi namwita mbwa wangu, wewe yanakuhusu nini?

Kwa hiyo Joakim alipotokea na kijibwa cha kahawia, sikio moja limelala, akaanza kukiita Atarudi, hakuna aliyeuliza anasemwa nani. Alikuwa anasemwa Wilhelmina.

Wilhelmina ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa minyaa. Alikuwa ameolewa Nassa, kule ziwani. Mume akamfanya ngoma, akampiga mpaka akachoka kupigwa, akarudi nyumbani na begi moja na jicho limevimba. Nyumbani kwenyewe ni mji wa marehemu baba yake, na tangu mzee afariki shamba lake lilikuwa linalimwa na Joakim, mtoto wa baba mdogo. Ni mbuga ya udongo mweusi, pamba inazaa humo mpaka majirani tunanuna. Joakim alishalizoea. Alishaezeka bati kwa shamba lile, akasahau kwamba lina wenyewe.

Wazee wa ukoo walikaa. Mzee Mboje, aliye mkubwa wao, akasema mtoto ni mtoto, apewe shamba alime, na baada ya mavuno ya pili watakuja kuangalia kama anauweza mji. Akishindwa, shamba litarudi kwa Joakim. Joakim akaitikia vizuri tu, tena akamshika Wilhelmina mkono, akamwita dada. Wiki hiyohiyo ndipo akatokea na yule mbwa.

Basi kila jioni anapita njia ya kisimani, kando ya ua wa Wilhelmina, anaita: "Atarudi, njoo. Atarudi huyo. Atarudi tu." Yaani atarudi kwa mumewe, ni suala la siku. Wilhelmina anakuwa uani anapepeta, na ungo hausimami. Mimi sina moyo wa kumeza maneno, nikimeza moja linanikaba.

Pamba ya kwanza aliyouza, Wilhelmina hakununua khanga wala simu. Alikwenda mnadani Lagangabilili akarudi na mbuzi. Watu walimcheka, wakasema mwanamke asiye na mume ataanza na mbuzi atamalizia na kamba. Lakini alijua anachofanya. Kwetu Wasukuma mji usio na mifugo ni kambi, na wazee wakija kuangalia mji, macho yao yanaanzia zizini. Wale mbuzi ndio waliokuwa wanamwambia kila mtu kwamba hapa pana mwenye mji. Alikuwa anaamka anawasalimia kabla hajanisalimia mimi.

Sasa Joakim alikuwa na mbwa wengine wawili, madume makubwa, pamoja na Atarudi. Na ufugaji wake wa mbwa ni kama wa kuku wa kienyeji: fungua mlango, waende wakajitafutie. Walinimalizia mayai. Walikokota ngozi ya ng'ombe niliyokuwa nimeianika, wakaitafuna mpaka nikaokota vipande. Nilikwenda kumwambia Joakim, akanijibu kwamba ngozi haianikwi chini. Nikarudi nyumbani nikiwa nimebeba hasira yangu yote, hata kidogo sikuiacha kule.

Siku ile Wilhelmina alikuwa anapalilia mwisho wa shamba. Nilisikia mbuzi wanalia kilio kisicho cha njaa, nikakimbia. Nilichelewa. Mbuzi mwenye mimba alikuwa chini, tumbo wazi, na vitoto viwili vimetupwa kando havijaliwa hata nusu. Mbwa wangekuwa na njaa wakala wakamaliza, ningesema njaa mbaya. Wale walikuwa wanacheza. Niliwaona kwa macho yangu wakipenya minyaa, wale wawili mbele na Atarudi nyuma anajiramba, wakaingia moja kwa moja kwa Joakim.

Wilhelmina alipofika hakulia. Alikaa chini, akamfunika yule mbuzi kwa khanga yake kama anafunika mtu, akaniambia, "Mama Josia, twende kwa mtendaji."

Mtendaji wetu wa kijiji anaitwa Dastan, kijana kutoka Bariadi mjini, mpole, anaogopa ugomvi. Akaita watu ofisini. Joakim akaja amevaa shati safi.

"Mzee Joakim," Dastan akasema, "mbwa wako wameua mbuzi wa huyu mama."

"Mimi sina mbwa."

Watu tukaangaliana.

"Mbwa wanazurura kijiji kizima," Joakim akaendelea. "Wengine wanapita kwangu, wanalala, wanaondoka. Siwezi kulipa mbuzi kwa ajili ya mbwa wa kupita."

"Na Atarudi?" Dastan akauliza.

"Hilo ni neno tu, mtendaji. Mimi nikisema atarudi namsema mtu, simsemi mbwa." Akamtazama Wilhelmina, akacheka. Na wapo watu waliocheka naye, nawajua kwa majina, na mpaka leo chumvi yangu hawaipati.

Wilhelmina akasimama. "Kaka, nataka kuelewa. Wale mbwa hawana mwenyewe?"

"Hawana."

"Hata yule wa kahawia?"

"Hata huyo. Amtakaye amchukue."

"Haya. Nimesikia, na watu wamesikia." Akatoka, hata hakusubiri kikao kifungwe.

Nikamfuata kwake na chupa ya dawa ya pamba iliyobaki msimuni, na kipande cha maini. Sikuona haja ya maneno mengi. Ukimwaga ugali, namwaga mboga, ndivyo nilivyolelewa. Wilhelmina akaipokea ile chupa, akaigeuzageuza, akaichomeka juu darini pasipofikika.

"Mama Josia, nikimpa mbwa sumu anakufa leo. Joakim atamfukia, atatafuta mwingine, atamwita jina lilelile. Mimi nataka yeye mwenyewe Joakim aumie polepole. Nataka aumie kila jioni, saa ileile aliyokuwa ananiumiza mimi."

Nilimwangalia upya. Nilidhani ni mtu wa kuonewa tu, kumbe hasira yake ilikuwa imetulia kuliko yangu, na hasira iliyotulia ndiyo mbaya. Nilifurahi sana.

Akaanza na vichwa vya dagaa. Ukiishi Nassa unajifunza dagaa, hata kama ndoa imekushinda. Alikuwa anavichemsha na ukoko wa ugali, anaweka kwenye karai bovu nje ya minyaa. Wale mbwa wakubwa wawili hawakupata bahati ya kuzoea. Mmoja alipigwa marungu kitongoji cha pili baada ya kuingia zizi la watu wasio na simile, na mwingine alipotelea porini, hatukumwona tena. Wala Joakim hakuthubutu kudai, angedai mbwa gani na hana mbwa? Akabaki Atarudi, mbavu zinahesabika, anaibiaibia kula huku anatazama nyuma.

Kila mara karai lilisogea. Likavuka ua, likafika jikoni, mwisho likakaa mlangoni pa zizi la mbuzi. Hapo Wilhelmina akamfunga kamba. Akimkodolea mbuzi macho, anamchapa puani na bua la pamba. Akigeuza macho, anapewa kichwa cha dagaa. Nilimwambia mbwa aliyeonja damu ya mbuzi haachi, wazee wote wanasema hivyo. Akanijibu kwamba wazee walisema pia mwanamke haendeshi mji.

"Unampenda?" nilimuuliza siku moja.

"Simpendi. Kila nikimwona namwona mbuzi wangu. Lakini ninamlisha, Joakim hakumlisha."

Joakim alipoita jioni, Atarudi alikuwa anainuka, anavuta kamba, analia. Hilo lilimuuma Wilhelmina, niliona. Akamwongezea mchuzi. Zikapita jioni nyingi. Ikafika jioni ambayo Joakim aliita mpaka sauti ikakwaruza, na mbwa akainua lile sikio zima, akasikiliza, akalaza kichwa juu ya miguu yake. Kamba ilikuwa imeshafunguliwa.

Hapo tukatangaziwa chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule. Bwana mifugo, Fredrick, alikuja kutoka wilayani, na Dastan akapita akisema kila mbwa mwenye chanjo atavishwa utepe shingoni, na asiye na utepe atahesabiwa hana mwenyewe, atauawa. Watu wakajaa na mbwa wao, kamba zimesokotana, kelele tupu. Joakim alikuja kuangalia tu, mikono nyuma.

Wilhelmina alikuja wa mwisho. Alipita katikati ya uwanja taratibu, amevaa gauni la kanisani, na Atarudi kando yake amenenepa, manyoya yanang'aa. Kelele zikapungua zenyewe.

"Mwangaluka, mayu," Fredrick akamsalimu kwa Kisukuma. "Mbwa anaitwa nani?"

"Atarudi."

Watu wakaanza kuguna na kucheka chinichini.

"Na mwenye mbwa?"

"Mimi. Wilhelmina."

"Huyo mbwa ni wangu," Joakim akasema. Lilimtoka tu, hakulipanga.

Dastan, yule mpole anayeogopa ugomvi, akageuka. Siku hiyo nilimpenda kama mwanangu. "Mzee Joakim, umesemaje? Kama ni wako, basi tumempata wa kulipa mbuzi. Hebu sema tena, watu wote wasikie."

Joakim akafungua mdomo. Akamtazama mbwa, akamtazama Dastan, akatutazama sisi tuliosimama tunasubiri. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kimelowa jasho.

"Nimemfananisha," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikucheka kwa adabu, nilicheka kama mtu anayerudishiwa ngozi yake ya ng'ombe. Fredrick akachoma sindano, akafunga utepe mwekundu, na Wilhelmina akaondoka na mbwa wake kwa njia ileile ya katikati.

Tangu siku hiyo kisima kilimshinda Joakim. Akitokea tu, mama mmoja anatua ndoo, anauliza kwa upole wote, "Shikamoo kaka Joakim, vipi yule, atarudi?" Na mwingine anamjibu, "Gete, kweli kabisa atarudi, subira tu." Jina alilolitengeneza kwa mkono wake lilimrudia kila kona, na mimi nilihakikisha halipumziki. Akaanza kupita njia ya mbali, ya kuzunguka shule. Wilhelmina hakucheka hata mara moja. Alisema bado.

Nilielewa maana ya bado baada ya mavuno ya pili, wazee walipokuja kuangalia mji kama walivyoahidi. Mzee Mboje na wenzake wawili, na mbele yao Joakim, anawaongoza, anajua kila mti wa shamba lile. Alikuwa amekuja kuonyesha pengo. Nilimsikia njiani anasema mbuzi wenyewe wamebaki wachache, mwanamke peke yake hawezi kulinda mifugo. Alithubutu kusema hivyo kwa mdomo uleule.

Pamba ya Wilhelmina ilikuwa imejaa ghalani mpaka mlango haufungi. Mbuzi walikuwa zizini, na wadogo wamezaliwa. Yeye alikuwa jikoni na maji ya uji yanachemka.

Kwenye uwazi wa minyaa, Atarudi akasimama. Alibweka mara moja tu, akabaki anaunguruma, manyoya ya mgongo juu, na wazee wakarudi nyuma wakishika fimbo zao.

"Msiogope," Joakim akasema haraka. Alitaka kuwaonyesha kwamba pale hakuna linalomshinda. "Tulia, Atarudi. Njoo. Njoo hapa, Atarudi."

Mbwa akanyamaza. Mkia ukatikisika kidogo. Alikuwa anamkumbuka, mbwa hasahau. Akamtazama Joakim, halafu akageuza shingo kuelekea jikoni.

Wilhelmina alikuwa ametoka, anajifuta mikono kwenye khanga.

"Hatarudi, kaka," akasema.

Mbwa akaanza kuunguruma upya.

Mzee Mboje akamgeukia Joakim. "Kumbe mbwa mnafahamiana," akasema. "Si tuliambiwa huna mbwa?"

Wilhelmina akasogea, akapiga goti, akawasalimia wazee kwa zamu. Halafu akaushika ule utepe mwekundu shingoni mwa Atarudi, akamvuta kando, akasema, "Karibuni ndani, baba zangu. Uji uko tayari."

Mzee Mboje akapita. Wa pili akapita, na wa tatu akapita, mbwa ametulia chini ya mkono wa Wilhelmina. Joakim akanyanyua mguu.

Wilhelmina akaachia utepe.

Wazee walikunywa uji, wakaangalia zizi, wakaangalia ghala, wakakubali kwamba hapa pana mwenye mji, wakazungumza mpaka jua likageuka. Joakim aliwasubiri nje ya minyaa, kwenye njia ya kisimani, na akina mama wakapita na ndoo zao wakimsalimia mmoja mmoja.