Shemeji alichukua mtamba wangu, sasa ananiletea jani la isale

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba jina langu lisionekane kabisa, maana watu wa ukoo wetu wengi wanasoma ukurasa huu, na wakijua ni mimi sitakanyaga tena Machame. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, Mlutheri, naishi Soweto hapa Moshi. Nina binti mmoja tu, alikuwa chuo Dar. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mnivumilie nikirudiarudia.

Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwandani miaka mingi, na kila mwezi alikuwa anakatwa kwenye mshahara kununua hisa za kampuni ileile iliyomwajiri. Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha Pasua. Yeye alikuwa anawacheka, anasema hisa haivuji mvua ikinyesha. Alipofariki, hizo hisa ndizo alizoniachia, hakuna kingine. Akiwa kitandani aliniomba nisiuze hata moja mpaka mtoto amalize chuo, labda tu tukibanwa kabisa.

Binti yangu alikuwa ananisumbua niuze nusu, maana kampuni ikianguka sisi tunaanguka nayo. Nilikataa kwa sababu ya lile neno la marehemu. Ndipo akaniletea wazo jingine. Tutafute mtu mwenye uwezo, tumpe kitu ambacho hatarudisha, naye aahidi kwamba mpaka mwaka uishe, siku yoyote tukitaka kumuuzia hisa zetu, atazinunua kwa bei ya leo hata kama zimeshuka. Zikipanda, sisi tunabaki nazo na yeye anakula alichopewa. Niliona ni kama kamari, nikaiombea siku tatu. Binti akaniambia, "Mama, kamari ni hii unayocheza sasa, kila tulichonacho kipo kwenye kampuni moja."

Mtu aliyekubali ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anafanya biashara ya mbao na hana shida. Alicheka sana. Alisema hizo hisa hajawahi kusikia zimeshuka, kwa hiyo nampa mali ya bure. Pesa sikuwa nayo, nikampa mtamba wangu mwenye mimba niliyekuwa namfuga uani. Binti akaandika karatasi, kwamba nikitaka kuuza nimkabidhi shemeji barua kabla ya mwaka kuisha. Tukasaini mbele ya mama mkwe wangu, naye akaweka dole gumba. Karatasi nikaihifadhi ndani ya Biblia.

Wapendwa, mwaka haujafika mwisho kampuni ikaingia matatani, hisa zikashuka mpaka nikaogopa kuuliza bei. Nilipanda Machame kumwambia shemeji kwamba sasa nauza. Akanikaribisha vizuri, akasema nisiwe na haraka, huenda bei ikarudi, na mwaka bado upo. Nikamwamini. Mwezi wa kumi na mbili binti akaniandikia barua ili nikaikabidhi. Wiki hiyohiyo mama mkwe akafariki.

Msiba ulikuwa mkubwa, tukasubiri watoto walio mbali waje. Mimi ni mke wa mtoto wake wa kwanza, nilikuwa jikoni namenya ndizi na wakamwana wenzangu tangu alfajiri, barua iko kwenye mkoba. Zikiwa zimebaki siku mbili mwaka uishe, nilimfuata shemeji kwenye zizi, mtamba wangu akiwa pale na ndama wake. Nikamnyooshea barua. Hakuipokea. Aliusukuma mkono wangu taratibu, akasema, "Shemeji, mama yupo ndani hajazikwa, wewe unaniletea habari za hisa? Irudishe kwenye mkoba. Mimi na wewe tutaenda wapi?"

Niliona aibu kama nimekutwa naiba. Kwetu mtu hadai kitu chochote maiti ikiwa ndani, hata mtoto anajua. Nikairudisha barua. Nikarudi jikoni nikapewa chai ya maziwa, na najua maziwa yale yalikuwa ya ng'ombe gani.

Tulizika siku ya mwisho ya mwaka. Matanga yalipoisha nikamfuata tena. Safari hii alikuwa amevaa miwani. Aliisoma karatasi yote polepole, akanirudishia. "Inasema kabla ya mwaka kuisha, shemeji. Mwaka umeisha."

Nilimwambia si wewe uliyenizuia? Akasema yeye alisema tumalize msiba, hakusema karatasi isimame. Na aliyeweka dole gumba ndiye huyo tuliyemzika.

Hisa sasa hazifiki hata ada ya mwaka mmoja uliobaki. Binti amesharudi nyumbani, anauza vitafunwa pale nje, hanilaumu, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Sasa wiki mbili zilizopita wamekuja wazee wawili wa ukoo na jani la isale kutoka kwa shemeji. Wasio wa huku, isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa hukatai, na ukilipokea jambo limekwisha, hulitaji tena mpaka unaingia kaburini. Nikauliza, na hisa je? Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Mama, isale haiwekewi masharti."

Sikulipokea mkononi. Nikawaomba waliweke juu ya kabati, na watarudi Jumapili baada ya ibada kusikia jibu langu. Kila jioni nasali Baba Yetu, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea naishia hapo. Nikilipokea, ada ya mwanangu imekwenda na sina mdomo wa kudai. Nikilikataa, mimi ndiye mbaya wa ukoo, na yeye aliyenipokonya anaonekana mtu wa amani.

Jani lenyewe bado la kijani, halinyauki. Ndugu zangu, hasa mliozaliwa huku mlimani, Jumapili wakigonga hodi ninyooshe mkono au niufiche?