Kwenda Pujini kwa Ajili ya Vidonge vya Muadhini

Niliondoka Wete kwa sababu ya mtu mmoja. Mzee Faki, muadhini wa Pujini, alitoka hospitali na moyo uliochoka na mfuko wa dawa mkononi, na siku ya kurudi kliniki hakuonekana. Kwenye simu mkewe, Bi Mize, aliniambia, "Hajambo, ila miguu imenona." Miguu ya mgonjwa wa moyo hainoni. Hujaa maji, na maji yakipanda kifuani mtu hukosa pumzi akafa.

Nani mwingine angekwenda? Huu mpango wa nesi kuwafuata wagonjwa wa moyo majumbani nimeuleta mimi, kutoka Maskati nilikofanya kazi. Baba yangu alikuwa muuza muhogo, na diploma yangu nimeisomea kwa maandazi niliyoyakaanga mwenyewe. Mwenye kuona najisifu, na aone.

Alfajiri, Jadida, mtaani kwangu Wete. Baada ya sala nilifunga mizani nyuma ya Vespa yangu nikashika barabara ya Chake. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, harufu ikinifuata hadi mjini. Sikuteremka hata kwa chai. Nilipokata njia ya Pujini, bibi mmoja aliyekuwa akipalilia aliiona mizani.

"We mwana! Wapima nini leo?"

"Napima watu, bibi!"

"Basi huku hupati kilo, sote tumekonda!"

Pujini, asubuhi. Bi Mize alinipokea: "Karibu, dakta."

"Nesi, Bi Mize. Nesi wa diploma."

Mzee Faki alikuwa barazani, ameegemea mito mitatu. Nilimbonyeza muundi, shimo la kidole likabaki. Uzito ulikuwa umepanda tangu atoke hospitali. Dawa nyingine alikuwa akimeza, lakini vidonge vya kutoa maji vilikuwa vimebaki karibu vyote.

"Mzee, hivi mbona hujavigusa?"

"Hivyo? Hivyo havikai na udhu. Navimeza na chai ya saa nne. Adhuhuri naadhini, naingia safu ya mbele, rakaa ya pili natoka mbio. Watoto wa chuoni wananicheka."

"Nilimwambia asali nyumbani," alisema Bi Mize.

"Niadhini jikoni, nikuite wewe na kuku?"

Nilicheka, lakini nilielewa. Kumwambia aache msikiti kungekuwa kazi bure. Nilimpigia daktari wetu nikamsomea uzito, presha na mapigo ya moyo. Akasema aanze tena kipimo kile kile, na wiki hii hii aje kliniki.

"Meza sasa hivi," nilimwambia Mzee. "Mpaka adhuhuri nguvu yake itakuwa imepungua. Kuanzia kesho, kimeze ukirudi sala ya alfajiri, usingoje chai."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

"Haya. Nikitoka katikati ya sala, vilivyobaki utavimeza wewe."

Akameza. Asubuhi yote alikwenda akirudi. "Leo choo kimepata mpangaji," alisema Bi Mize. Jua lilipopanda, safari zikapungua, kisha zikakoma. Akatawadha, akaondoka taratibu.

Adhuhuri. Mimi na Bi Mize tulibaki uani, macho kwenye njia ya msikitini. Sauti ikatoka kwenye spika. Katikati pumzi ilimkatikia, Bi Mize akanishika mkono. Kisha akaendelea, akamaliza. Sala ikaanza. Niliukodolea macho mlango wa msikiti, hakuna aliyetoka. Waumini walipotawanyika, yeye alikuwa wa mwisho, anatembea.

"Umesalimika," aliniambia. "Hutavimeza."

Alasiri nilirudi Wete. Hospitalini tulikuwa tumewaandikia wagonjwa dawa bila kuwauliza siku zao zinakwendaje. Sasa kila anayeruhusiwa namuuliza kwanza anakula saa ngapi, anasali wapi, na choo kiko mbali gani. Wauguzi wengine wameanza kuniiga, na wana haki.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, simu ililia. Alikuwa Mzee Faki.

"Nimeshameza," alisema. "Sasa kata simu, nina haraka."