Faili za Mamduh Shirbini

Mamduh Shirbini hakuwa mwizi. Afadhali angekuwa, maana mwizi tunajua pa kumpeleka. Alikuwa mtu wa kawaida wa Damanhur, huku Misri, mwenye mke, shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Tulifanya naye kazi miaka mingi katika kampuni ndogo inayotengeneza skrini za kuendeshea mashine za vinu vya ngano. Tulimchukia, naye alijua, na aliiota chuki yetu kama mtu anayeota moto.

Nianze na haki yake, kwa sababu hata mtu mbaya ana haki yake. Programu ya kuchorea skrini tuliyoinunua ilitengenezwa na watu wanaoandika kutoka kushoto. Unaburuta kitufe, unakiweka unapotaka, unahifadhi. Lakini ukiigeuza skrini iwe ya Kiarabu, programu iligeuza kila kitu kama kioo: maneno, vitufe, hata picha za mashine. Mashine za kweli hazikugeuka. Siku moja mfanyakazi wa kinu alibonyeza mahali mkono wake ulipozoea kuzimia chekeche, nalo likawaka. Mwenzake aliyekuwa akilisafisha aliponea chupuchupu.

Mamduh ndiye aliyelitibu tatizo hilo. Aliiongezea programu ile kipande chake mwenyewe, ili isihifadhi tena kwa aina yake ya faili bali kwa aina mpya aliyoibuni yeye, ambamo kila kilichochorwa hubeba alama: hiki kigeuke, hiki kisiguswe. Ilikuwa kazi safi. Mkurugenzi, Bwana Refaat, alimbusu kwenye paji la uso mbele yetu sote.

Kisha kampuni ikamwajiri Shahira, msichana mwepesi wa kuelewa, na Mamduh akaona anachimbiwa kaburi. Akarudi kwenye kipande chake na kukitia kufuli. Tangu hapo kila mchoro, wa zamani na mpya, ulihifadhiwa kwa fumbo ambalo kompyuta yake peke yake iliweza kulifumbua. Hakumwambia mtu. Tulijua pale tulipofungua faili tukaona takataka.

"Mhandisi Mamduh, faili haifunguki," Shahira alimwambia.

"Haifunguki kwako, binti. Kwangu inafunguka."

"Basi nionyeshe unavyofungua."

"Mpishi hamfundishi jirani. Humpelekea sahani."

"Na sahani yenyewe tuipigie magoti?"

"Magoti yako bado machanga. Hayataumia."

Kuanzia siku ile, kubadili hata rangi ya kitufe kulitaka idhini yake. Ulisimama mbele ya meza yake huku akimaliza mkate wake wa maharage, akipangusa kidole kimoja kimoja, kisha anakuuliza unataka nini, ilhali ulishamwambia.

Mavuno ya ngano yalipokaribia, Hajja Inshirah, mwenye kinu kikubwa kuliko vyote tulivyovihudumia, alinunua mashine mpya ya kuoshea ngano. Skrini yake ilihitaji vitufe viwili zaidi. Mamduh alikataa kuvichora mpaka afanywe mkuu wa idara na Shahira aondolewe. Aliyasema hayo ofisini kwa Bwana Refaat, mlango ukiwa wazi, makusudi tusikie.

"Unanitisha, Mamduh?"

"Nikutishe, pasha, bwana mkubwa? Mimi nakunywa chai tu."

"Hajja atakwenda kwa wengine."

"Aende! Wamchoree upya kila kitu? Watazeeka kabla hawajamaliza."

Hajja hakwenda kwa wengine. Alikuja kwetu, upindo wa abaya yake umejaa unga, akauliza ni nani aliyeifunga mashine yake.

"Si mashine, Hajja, ni faili," Mamduh alijibu bila kuinuka.

"Mwanangu, faili mimi siijui. Namjua mtu anayeziba kisima wenzake wakiwa na kiu. Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi Mungu amfiche aibu hii."

Mamduh akacheka. "Kasage ngano, Hajja."

Kicheko kile ndicho kilichomwinua Shahira. Alisema jambo ambalo sote tulipaswa kuliona: faili zimefungwa, lakini skrini hazijafungwa. Kila alichokichora Mamduh kilikuwa kinawaka vinuni, mbele ya yeyote mwenye macho. Wafanyakazi wa Hajja wakapiga picha kila ukurasa kwa simu zao, na fundi wao wa umeme akatueleza kila kitufe kinaendesha mota gani. Shahira akaandika kipande kingine cha kuhifadhia, chenye alama zile zile za kugeuka na kutogeuka, ila faili zake ziliandikwa wazi, mtu yeyote azisome. Kisha tukakaa kuchora, kwanza kinu cha Hajja, baadaye vingine vyote. Hakuna aliyetushurutisha. Sisemi chuki ni jambo jema. Nasema ndiyo tuliyokuwa nayo.

"Michoro ya chekechea hiyo," Mamduh alitudhihaki. Mashine ya Hajja ikawaka kwa michoro hiyo hiyo.

Siku tulipomaliza kinu cha mwisho alikuja mezani kwa Shahira na flashi mkononi.

"Chukua. Ufunguo huu hapa. Faili zote zitafunguka."

Shahira hakuinua macho. "Za vinu vipi?"

"Vyote."

"Vyote tumeshavichora, Mhandisi."

"Mtakuwa mmekosea mahali."

"Tukiwa tumekosea, yeyote humu anaweza kusahihisha."

Alisimama pale, flashi kiganjani. Hakuna aliyemvutia kiti, na mimi sikumvutia. Mtu aliyepewa akili ya kuokoa mikono ya watu, akaigeuza kitanzi cha shingo zao, simwonei huruma. Kama angeiacha kazi yake wazi, vinu vyote vya mkoa vingeitumia hadi leo, na jina lake lingetajwa kwa heshima.

Bwana Refaat hakumfukuza. Mamduh bado anakuja, shati limepigwa pasi. Anachora kama sisi, anahifadhi kwa aina ya faili ya Shahira, na yeyote kati yetu huifungua kazi yake na kuibadilisha bila kumwomba.