Nani Alimtonya Kisiki?

Jamani, mimi si mtu wa kuandika. Lakini hili lisiponitoka litanikaba koo.

Kuna kitabu kimetoka mwaka huu. Ndani yake kuna maneno yaliyosemwa chumbani kwetu, miaka mingi iliyopita, mlango umefungwa. Neno kwa neno. Mpaka utani wake.

Na aliyeandika kitabu hakuwemo chumbani.

Yeye ndiye aliyekuwa anajadiliwa.

Ngoja nianze vizuri, msije mkaniacha njiani.

Baba yangu ni fundi friji. Nyuma ya karakana yake kuna chumba, na chumba hicho ndicho tawi la mashabiki wa timu yetu tangu sijazaliwa. Televisheni imekaa juu ya friji bovu. Friji nyingine zimelazwa chali, ndivyo viti vyetu. Mimi nafanya kazi na baba, ndiye mbeba mkoba wa vifaa. Kila mtu ananiita Binti Fundi, hata wateja.

Waasisi wa tawi wamebaki watano. Kuna baba. Kuna Mwenyekiti, mwalimu mstaafu anayeongea na kila mtu kama yuko darasa la tatu. Kuna Kisu, mwenye bucha. Kuna Soli, fundi viatu. Halafu kuna Spika, yule wa gari la matangazo. Huyo kunong'ona hajui kabisa.

Tangu mama afariki, baba hana starehe nyingine. Ana tawi tu. Siku ya mechi ananyoa ndevu mara mbili.

Kisirani chake ni kimoja: hataki petroli karakanani. Umeme ukikatika katikati ya mechi, watu wanalia anunue jenereta. Yeye anajibu, "Jenereta ikiingia, mimi natoka." Tumekosa penalti ngapi kwa sababu hiyo, Mungu ndiye anajua.

Haya. Sasa Kisiki.

Kisiki alikuwa beki wetu na nahodha, ile miaka mibaya. Nyie mashabiki wa juzi hamuijui. Uongozi unabadilika kila ukiamka. Wachezaji wanagoma. Basi la timu linazima barabarani, wachezaji wanashuka kusukuma wakiwa wamevaa jezi. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tusishuke daraja.

Mpira ukaja kutoka kushoto, mlaini, mtoto angeutuliza. Kisiki hata hakugeuka. Ukamgonga goti, ukaingia golini kwetu.

Tukashuka.

Mji mzima ukasema ameuza mechi. Jioni ile ile akahama na mke na watoto. Basi, hapo ikawa kesi imeisha. Kama hana hatia, anakimbia nini?

Sasa Kisiki kastaafu, kaandika kitabu cha maisha yake. Mwenyekiti akakinunua, akawa anatusomea kila Jumapili mchana. Tulipofika sura ya miaka mibaya, chumba kilijaa mpaka watu wakakaa ndani ya friji.

Mwenyekiti akavaa miwani. "'Jicho langu la kushoto lilikuwa limekufa tangu nilipopigwa kiwiko mazoezini. Niliwaambia viongozi. Wakaniambia nifunge mdomo, nicheze.'"

"Mwongo!" Spika akasema. Mtaa mzima ukasikia.

"Tulia wewe. 'Baada ya mechi, mashabiki walikaa kikao. Mmoja wao akasema: leo hatumzomei, leo tunampikia. Tukutane pale kona giza likiingia, kila mtu na dumu lake. Rafiki mmoja aliyekuwemo alikuja kunitonya. Tukatoka mapema, hata taa hatukuzima. Kesho yake jirani akaniambia mlangoni kumeachwa dumu la petroli, limejaa, kifuniko hakijaguswa. Mpaka leo sijui ni la nani, wala kwa nini hakuwasha.'"

Mimi nikacheka. "Leo tunampikia! Si utani wa Kisu huo kabisa?"

Nilicheka peke yangu.

Kisu alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai inamwagikia vidole, wala hahisi.

Kumbe ni kweli. Hawa wazee walionibeba mabegani, walioninunulia jezi yangu ya kwanza, walikaa humu humu wakapanga kumchoma mtu na watoto wake!

Mwenyekiti akafunga kitabu polepole. "Siku ile tulikuwa watano. Mlango niliufunga mwenyewe."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo kati yetu kuna msaliti."

Weee! Kuanzia siku hiyo tawi likaharibika.

Soli akaacha kunywa chai iliyomiminwa na Kisu. Kisu akawa anakaa ameegemea ukuta, hataki mtu nyuma yake. Spika, mdomo ule wote, akawa bubu. Timu ikifunga bao, kabla ya kushangilia wanaangaliana kwanza nani anashangilia vipi. Mechi mbili tulizoshinda zikapita kama msiba.

Vijana wa tawi wakaanza kuulizana kama kweli Kisiki alionewa. Wazee wakawa wakali. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kama Kisiki alitonywa, basi hakukimbia kwa hatia. Basi miaka yote hii wao ndio walikuwa na hatia. Ni rahisi zaidi kumtafuta msaliti.

Na msaliti akapatikana.

Baba.

Eti kikao kilikuwa kwenye karakana yake. Eti wiki ile ile alikuwa kwa Kisiki anatengeneza friji. Eti sura ile iliposomwa, alitoka nje akakaa huko mpaka watu wakaondoka.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilimwona.

Mwenyekiti akatangaza kikao cha Jumapili. Ajenda moja: Fundi aondolewe tawini, na televisheni ihamie kwa Kisu.

Nikamfuata baba jikoni kwetu. Alikuwa anamenya kitunguu, hanitazami.

"Baba, ni wewe uliyemtonya?"

"Wakisema ni mimi, waache waseme."

"Sasa si ujitetee?"

"Nijitetee nini, mwanangu? Kumwokoa mtu ni kosa?"

Jamani, nilitaka kulia. Nikamkumbatia na vitunguu vyake. Miaka yote nimeishi na shujaa ndani ya nyumba, mimi namgombeza kwa kuchafua taulo. Nikamwambia, "Najivunia wewe."

Akarudi kwenye kitunguu chake. Nikadhani ni unyenyekevu.

Basi nikasema, hawa wazee watanijua mimi nani. Nikapata habari kwamba Kisiki anasaini vitabu kwenye duka moja la vitabu mjini. Nikavaa jezi, nikanunua nakala yangu, nikapanga foleni.

Ana mvi sasa. Nilipofika mezani aligeuza kichwa chote ndipo akaniona, kwa sababu nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Pale pale nikaamini lile la jicho.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Naomba uniambie kitu kimoja tu. Rafiki aliyekutonya alikuwa nani?"

Akacheka. "Yupi?"

"Yupi vipi? Umeandika rafiki mmoja."

"Nimeandika mmoja kwa kuwastahi. Walikuja wanne." Akatikisa kichwa. "Kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja kwa siri, kila mmoja ananiapisha nisimtaje kwa wenzake. Mke wangu alikuwa anafunga mizigo, mlango unagongwa, anaruka. Kumbe ni mwingine anakuja kutuonya. Mpaka akaniambia, hawa wakizidi watatuchelewesha."

Nikahesabu kwa vidole.

"Majina sitakupa," akasema. "Nimeapa. Lakini yule wa dumu hakuniapisha kitu. Huyo ndiye ninayemtafuta. Ukimjua, nipigie." Akaniandikia namba ya simu ndani ya jalada la kitabu changu.

Njia nzima natabasamu kama chizi. Kikaoni walikuwa watano, waliotonya wanne. Maana yake mchafu ni mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeshamjua. Nani anayeshupalia baba afukuzwe? Nani aliyefunga mlango kwa mkono wake?

Mwalimu! Subiri Jumapili.

Jumapili ikafika. Chumba kimejaa. Baba kakaa kwenye friji yake ya kila siku, amenyoa ndevu mara mbili ingawa hakukuwa na mechi. Niliona amejikata kidevuni, nikapandwa na hasira upya.

Mwenyekiti akakohoa. "Ajenda ni moja."

"Naomba niseme kwanza," nikasimama. "Nimeonana na Kisiki."

Mwenyekiti akakaa chini.

"Anasema waliomtonya walikuwa wanne."

Mngeziona zile sura! Kisu akatazama dari. Soli akainama kufunga kamba za viatu, na amevaa makubadhi.

"Nyie mlikuwa watano," nikaendelea. "Kwa hiyo mmoja tu ndiye aliyetunza siri ya tawi. Mmoja tu ndiye mwenye haki ya kumfukuza baba yangu. Naomba huyo anyooshe mkono."

Nikamkazia macho Mwenyekiti.

Mara Kisu akapasuka. "Sawa! Nilienda! Nilipeleka nyama kama zawadi, nikamwambia hama. Mimi naropoka tu, jamani, mimi wa kuchoma watu?"

"Kumbe ndiyo maana!" Soli akaruka. "Nilipishana na wewe uchochoroni, ukaniambia umepotea njia! Mtaa uliozaliwa!"

"Na wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

Soli akajikuna shingo. "Nilimpelekea viatu vyake. Havijaisha, lakini nikavipeleka."

"Mimi nilimwita dirishani," Spika akasema. "Nikamnong'oneza."

"Wewe? Ukanong'ona?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Watu wanashikana mbavu, Kisu anampiga Soli mgongoni, machozi yanawatoka. Miezi yote ya kununiana inayeyuka mbele ya macho yangu. Mimi nacheka, lakini jicho langu liko kwa Mwenyekiti. Haya mwalimu, mkono uko wapi?

Mwenyekiti akavua miwani.

"Nilimtuma mke wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kuonekana."

Wakalipuka tena. Eti mwalimu kamtuma mke!

Mimi sikucheka.

Nyama. Viatu. Dirisha. Mke wa mwalimu.

Wanne.

Kicheko kikaanza kukatika, kona kwa kona, kila mtu anapogundua. Nikageuka.

Baba alikuwa amenyoosha mkono.

Ameunyoosha kabisa, kama mwanafunzi. Ule wenye kovu, aliounguzwa na gesi ya friji kazini.

"Baba, shusha mkono," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Nilifika pale kona," akasema. "Nikawangoja. Nikasema wenzangu waoga. Nikaenda mwenyewe. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nikajua wamo ndani."

Kisu akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kifuniko. Ndipo nikasikia friji yao inanguruma. Niliitengeneza mimi, wiki ile. Mkewe alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa kutoka humo humo. Mkono ukaniisha nguvu. Nikaliacha dumu nikakimbia."

Akanitazama, mara ya kwanza tangu sura ile isomwe.

"Mliposema ni mimi niliyemtonya, binti yangu alinikumbatia. Nikashindwa kumwambia."

Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyemwambia anyooshe mkono, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimemwandalia mwalimu aibu hiyo, nikamvisha baba yangu.

Mwenyekiti alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Ajenda imefungwa," akasema.

Baba bado mkono uko juu. Nikamfuata nikaushusha mwenyewe, nikakaa naye juu ya friji. "Mpigie," akaniambia. "Mwambie dumu lilikuwa langu."

Nikapiga. Nikaweka sauti ya juu, maana siri tena sikuzitaka. Nikamweleza Kisiki yote. Upande wa pili nikasikia anavuta kiti.

"Ni yule fundi?" akauliza.

"Ndiye."



"Friji ile jirani alinitumia baadaye, ninayo bado. Siku hizi haigandishi." Akavuta pumzi. "Mwambie aje aitazame. Ila dumu aliache nyumbani."

Baba alilia mbele ya tawi zima. Spika akamfuata akamnong'oneza kitu sikioni, na sote tukakisikia: "Tutakusindikiza, Fundi."

Mkoba wa vifaa uko mlangoni kwetu tangu siku ile. Kila asubuhi baba anaufungua, anapanga bisibisi zake, anaufunga. Anasema kesho. Simharakishi.

Mimi nimejifunza haya. Watu wanaomtafuta msaliti kwa kelele nyingi, wakague vizuri. Mara nyingi wanaficha jambo jema walilolifanya kwa woga. Na ukitaka kumwaibisha mtu hadharani, hakikisha kwanza umemjua mzee wako mwenyewe. Mimi nilidhani namjua. Ndiye mwenye mkono uliotaka kuwasha, na ndiye mwenye mkono ulioacha.

Bado nampenda. Ila sasa nampenda nikiwa namjua.