Dakika Tano za Kupoza Tabo

Wageni watatu niliowachukua Arusha walikuwa wamelala kabla hatujaimaliza milima ya Usambara. Ndivyo zilivyo safari zangu nyingi. Ndege yetu ni ndogo, ina injini moja na viti sita, na rubani ni mimi peke yangu. Abiria wakishalala, hubaki nikitazamana na mishale ya joto kwenye dashibodi.

Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini imefungwa tabo, feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka ili isukume hewa zaidi ndani. Wenye malori wanaijua. Kazi yangu ni kuilinganisha hewa hiyo na petroli kwa kifundo chekundu kilicho karibu na goti langu la kulia. Kama jambo hili ni geni kwako, usiogope. Ukiwa umewahi kupikia jiko la mafuta ya taa, nusu yake unaijua tayari. Ukizipandisha tambi mno, mwali huwa wa njano na hulipaka sufuria masizi. Ukizishusha, mwali huwa wa buluu na huchoma kweli. Ukizishusha zaidi, hunyong'onyea. Injini nayo ni hivyo hivyo. Wakati wa kupaa naipa petroli nyingi kuliko inayohitaji, na hiyo ya ziada huipoza. Nikishatulia juu naipunguza polepole. Joto la moshi hupanda, hufika kileleni, na nikizidi kupunguza huanza kushuka. Hapo kileleni sikai, maana ndipo injini inapoweza kujiunguza yenyewe.

Kuteremka nako kuna adabu yake. Ukiinyima injini nguvu ghafla, vichwa vya silinda hupoa kwa mshtuko na vinaweza kupata nyufa. Basi siku ile nilianza kushuka mapema, nikipunguza kidogo kidogo, mpaka nikaona mikoko na mashamba ya chumvi ya Bagamoyo.

Moyo wangu ulikuwa umetangulia kutua. Baba aliendesha malori tangu ujana wake, kutoka Chalinze hadi Tunduma, na alitaka nimfuate. Nilipochagua urubani hakunikataza, ila hakuwahi kuniuliza neno lolote kuhusu kazi hii. Ulikuwa mwaka wangu wa nne kazini. Usiku uliotangulia alikuwa Bagamoyo kwenye harusi ya binamu yangu, harusi ambayo mimi niliikosa kwa sababu ya zamu, na basi lake la kurudi Chalinze lilikuwa saa tano. Nilimwandikia ujumbe kwamba nitatua saa nne kwenye kile kiwanja cha nyasi nje ya mji. Hakujibu. Nilitaka tu anione nikishuka, nimwamkie, na aseme chochote.

Alikuja. Nilipoisogeza ndege hadi kwenye kibanda cha kiwanja nilimwona amesimama juani, kanzu na kofia, bajaji ikimsubiri nyuma yake.

Lakini tabo haizimwi ukishatua tu. Huwa bado ni ya moto sana, na oili inayopita ndani yake ndiyo inayoipoza. Ukizima injini mapema, oili husimama humo humo, ikaungua na kuacha ukoko kama wa wali. Kwa hiyo huiacha injini iungurume taratibu kwa dakika tano, na abiria hungoja ndani kwa sababu pangaboi la puani bado linazunguka. Dakika tano si nyingi, ila kwetu pwani mtoto hakai kitini huku mzazi amesimama akimngoja. Nilimpungia mkono. Hakuinua wake. Bajaji ikapiga honi, baba akageuka, akaiendea.

Nikavuta kifundo chekundu mpaka mwisho, petroli ikakatika. Injini ikafa. Nikaruka chini.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama pua ya ndege.

"Ina tabo hiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona umeizima? Hata dakika mbili hazijatimia."

"Niliona unaondoka."

"Nilikuwa namwambia huyu aache honi. Anapiga kama kabeba bibi harusi!"

"Mzee, na mimi natafuta riziki," dereva wa bajaji akasema. "Halafu ndege ikipumzika si ndiyo vizuri?"

"Kupumzika ni kwako wewe. Hii imekatwa pumzi." Kisha akanigeukia. "Marahaba."

Niliwateremsha wageni, gari lao likawachukua. Nikampigia simu fundi wetu aliye Dar, baba akiwa kando yangu. Nikamwambia nimeizima mapema, kosa ni langu, na ndege haitaruka mpaka aje aifungue tabo. Akasema atafika kesho.

"Umemwambia hivyo hivyo?" baba akauliza.

"Ningemwambiaje?"

"Mimi niliua tabo moja ya lori pale Chalinze. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Nikamwambia tajiri imekufa yenyewe. Akamfukuza fundi."

Akasogea karibu na injini, mikono nyuma.

"Huko juu, petroli unaipunguzaje? Unajuaje pa kuishia?"

Nilifungua kinywa. Honi ikalia tena.

"Mzee, basi litakuacha!"

"Utanieleza," baba akasema, akapanda bajaji.

Ndege haiachwi bila mtu, na mlinzi huingia jioni, kwa hiyo nilikaa chini ya bawa hadi alipofika. Kesho yake fundi alifungua, akaizungusha tabo kwa kidole. Ilizunguka vizuri, haikuwa na ukoko. Akabadilisha oili, akaniruhusu kuondoka.

Nilirudi Arusha bila abiria. Nilipofika juu nilishika kifundo chekundu, nikaanza kusema kwa sauti, polepole, kama ninavyopenda kuwaeleza wanaoanza.

"Napunguza hapa, baba. Mshale unapanda, uache. Bado. Bado. Umefika. Sasa endelea kidogo tu, utaona unarudi chini."

Kiti cha kulia kilikuwa kitupu, mkanda wake umefungwa. Nilieleza mpaka mwisho.