Negativu Mbili za Anga la Ndalu

Mavuno yalikuwa yanakaribia, na katika shule yetu ya Bungoma wazazi wengi walilipa karo kwa magunia ya mahindi. Mwalimu mkuu alihitaji ghala. Jicho lake likatua kwenye chumba cha giza kando ya maabara, ambamo mimi na klabu ya sayansi tulisafishia picha.

"Madam," aliniambia, "mahindi ni chakula cha watoto. Hizi picha zako za nyota sijaona zinamlisha nani. Nionyeshe kitu kimoja cha maana kabla sijaingiza magunia."

Picha aliyokuwa ameiona ilikuwa na vitone vyeupe na waa katikati. Aliliita tone la maziwa. Sikumlaumu, lakini nilijua kwamba negativu, ile filamu picha ilikochapwa kutoka, ilibeba mengi kuliko karatasi ile.

Nilikuwa nimepiga picha hizo nikiwa mwanachuo, likizoni nyumbani Ndalu, ambako umeme ulikuwa haujafika na anga lilikuwa safi. Niliifunga kamera juu ya mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, nikazungusha parafujo polepole kwa mkono ili kamera izifuate nyota. Nililenga nebula, wingu la gesi linalong'aa karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Nilipata negativu mbili nzuri. Kuchapa ndiko kulikonishinda. Niliamini kwamba anga zuri ni anga jeusi tititi, basi nikaimwagia karatasi ya picha mwanga, ambao ndio huitia weusi, mpaka mabawa ya nebula, zile kingo zake hafifu, yakazama gizani.

Ufundi niliupata baadaye, kwa kuchapa picha za arusi. Kila likizo nilimsaidia mzee mmoja mwenye studio mjini Kitale. Katika picha moja kuna gauni jeupe na suti nyeusi: ukiipendelea suti, gauni linabaki karatasi tupu, ukilipendelea gauni, bwana arusi anageuka mkaa. Nilijifunza kukinga suti kwa kiganja huku nikiliongezea gauni mwanga kupitia tundu la kadi, mkono ukichezacheza ili mpaka usionekane. Siku moja, nikiwa nimeinama juu ya shela ya mtu, nilitambua kwamba nebula yangu ilikuwa na shida hiyo hiyo: moyo mkali, mabawa hafifu.

Kwa hiyo, Jumamosi iliyofuata maneno ya mwalimu mkuu, nilikwenda Kitale na negativu zangu.

"Leo bibi arusi ni nani?" mzee aliuliza.

"Ni wingu, mzee."

"Ala! Na amevaa nini?"

"Gauni refu. Bado halijaonekana."

Akacheka, akachukua brashi yake ya kurekebishia nyuso. "Si nikuchoree tu hilo gauni? Ni kazi ndogo, bana. Wateja nawatoa chunusi kila siku, na hakuna aliyewahi kulia."

"Mteja anaujua uso wake, mzee. Bibi arusi huyu, wanafunzi wangu hawajamwona. Watakachoonyeshwa ndicho watakachoamini."

"Haya, mhubiri," alisema, akairudisha brashi kikombeni.

Nilizilaza negativu zote mbili pamoja, nyota juu ya nyota, nikizilinganisha kwa lenzi ya mkononi. Zikiwa pamoja, kilicho hafifu kinaongezeka nguvu. Tena zinakaguana: kilichomo katika zote mbili kimetoka angani, na kilichomo katika moja tu nakishuku. Nikawasha mwanga kwa muda mfupi, nikaukinga, kisha nikaupa moyo wa nebula sehemu yake kupitia tundu la kadi. Chini ya taa nyekundu, karatasi ikiwa ndani ya dawa, mabawa yalijitokeza taratibu, mapana, yenye mikunjo.

Karibu na bawa moja kiling'aa kitone kikubwa, kizuri kupindukia. Nilikitafuta katika negativu ya pili, hakikuwemo. Mzee aliitazama brashi, kisha akanitazama mimi. Nilikiacha kama kilivyo: kufuta kwa brashi nako ni kuchora.

Jumatatu mwalimu mkuu aliishika picha kwa mikono miwili. Akaweka kidole juu ya kile kitone.

"Nyota hii ndiyo nzuri kuliko zote. Inaitwaje?"

"Inaitwa vumbi, mwalimu."

"Ati nini? Umeniletea vumbi hadi ofisini?"

Nilimpa lenzi, nikazishikilia negativu dirishani. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudia. "Kweli, huku halipo," alinong'ona. Kisha, bila kuambiwa, akaanza kuyatafuta mabawa. Yalikuwamo katika zote mbili.

"Na watoto wanaweza kukagua hivi wenyewe?"

"Ndiyo kazi ya kile chumba."

Alifungua dirisha, akamwita mtunza stoo: "Magunia peleka nyuma ya jukwaa la ukumbi!" Akanigeukia. "Panya wakija huko, Madam, utawapiga picha wewe."

Muhula ule tuliimba nyimbo za asubuhi ukumbini katikati ya harufu ya mahindi. Katika chumba cha giza, klabu ilianza kuchapa upya negativu ambazo sote tulikuwa tumezikatia tamaa.